Kila Kikombe Themanini na Mbili

6 Oktoba
Usingizi: saa nne. Damu: hakuna, wiki ya saba. Moyo: tano.

Daftari hili nimepewa na Marleny, muuguzi wa kituo cha afya. Nilimwendea kwa ajili ya joto linalonipanda shingoni na kuniacha nimelowa chapachapa, yeye akanihoji na mambo ambayo sikuyaendea. Nina miaka arobaini na sita. Akasema homoni zangu zimeanza kufunga virago, na wala haziondoki kwa adabu. "Ni kama bomba la kijijini, doña Nubia. Leo linajaza ndoo, kesho linakohoa tu. Na moyo unakunywa kwenye bomba hilohilo." Ameniagiza niandike kila siku mpaka mavuno yaishe: nimelala kwa saa ngapi, kama damu imekuja, na moyo una alama ngapi kati ya kumi. Nikamwambia kutoa alama ndiyo kazi yangu.

Nimeandika tano kwa sababu ni katikati. Sina huzuni. Ningekuwa na huzuni ningejua pa kuiweka.

7 Oktoba
Usingizi: saa tatu. Damu: hakuna. Moyo: tano.

Jumanne ni siku ya meza pale chama cha ushirika. Kahawa za wanachama zinakaangwa, zinasagwa, zinamiminiwa maji ya moto kwenye vikombe vyenye namba tu. Majina yamo kwenye daftari la don Eustorgio, ndani ya droo yenye kufuli. Tunazunguka meza na vijiko, tunavuta kwa kishindo, tunatema, tunaandika. Inayopita themanini kati ya mia ni kahawa nzuri. Don Eustorgio ndiye mwonjaji mkuu, mimi ni wa pili, na Leidy, binti wa miaka ishirini na tatu, anajifunza, alama zake hazihesabiwi.

Baada ya kazi don Eustorgio aliniita pembeni. Akasema tangu Septemba alama zangu zimelala. Akasema Desemba, kwenye meza ya mwisho tunapochagua kahawa tano bora za msimu, nikiachana naye kwa zaidi ya alama tatu, kijiko changu atakichukua Leidy. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ungepaswa kuniuma.

Kijiko hicho ninacho miaka kumi na tisa. Nikajibu sawa, kama mtu aliyeulizwa iwapo atakunywa chai.

8 Oktoba
Mvua. Saa nne. Tano.

11 Oktoba
Wachumaji wamefika, kumi na mmoja. Huku kwetu mwenye shamba huwalisha wachumaji, maana yake mke wa mwenye shamba huwalisha. Naamka saa kumi alfajiri kuwasha moto: supu ya viazi na mayai, arepa thelathini za mahindi, sufuria ya maji ya sukari guru. Halafu chakula cha saa nne, cha mchana na cha jioni.

Arcesio, mume wangu, ameniuliza kama bado ninayo ile hali. Anaitaja kama mafua. Moyo: tano.

14 Oktoba
Usingizi: saa tatu. Damu: imekuja, nyingi. Moyo: tano.

Jumanne ya pili. Don Eustorgio ana mtego wake: anaweka kahawa moja sehemu mbili za meza chini ya namba tofauti, aone kama utaipa alama ileile. Leo alifunua karatasi yangu, akakuta namba tatu na namba tisa zote nimezipa themanini na mbili. Zilikuwa kahawa moja. Akanisifu mbele ya Leidy, akasema ulimi mzee hauzeeki.

Hakutazama karatasi yote. Vikombe vyote kumi na viwili nilivipa themanini na mbili.

Vilevile hakujua kuhusu damu. Don Eustorgio anaamini mwanamke aliye kwenye siku zake ulimi wake unashika kutu, na kwenye meza yake haonji. Hajawahi kuiandika popote, anasema tu, "Mama, leo pumzika." Mwaka wa kwanza alinipumzisha mara tatu. Baada ya hapo nikajifunza kuficha, na sasa naandika siri hiyo kila siku kwa wino.

15 Oktoba
Damu. Tano.

19 Oktoba
Jumapili. Mama mkwe wangu, doña Hermelinda, ameliona daftari. Ana miaka themanini na moja, miguu imevimba, macho yanaona anachotaka kuona. Akauliza ni madeni ya nani. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Sisi damu ilituacha tukiwa juu ya miti ya kahawa," akasema. "Hakuna aliyetuletea daftari. Hiyo ni baridi ya tumbo, mwanangu. Kunywa majani ya ruda."

Nimekunywa ruda. Ni chungu, hilo nimeliona. Kama ingekuwa kahawa ningeipa themanini na mbili.

23 Oktoba
Joto mara sita. Wakati wa joto angalau kuna kitu. Nne.

28 Oktoba
Jumanne. Leidy alipata harufu ya jasmini kwenye kikombe cha tano na don Eustorgio akamkubalia. Mimi nilipata kahawa. Nilipotoka nilimkuta ameweka kijiko chake pembeni mwa changu kwenye sinki, viwili vinagusana. Nikahamisha changu.

2 Novemba
Damu tena. Tumewapelekea marehemu maua. Arcesio alilia kwenye kaburi la baba yake. Nilimshika bega na kuhesabu wachumaji wangekula nini jioni.

Tano. Labda tano si sahihi, lakini sijui nishuke au nipande.

4 Novemba
Jumanne, mvua kubwa, umeme ulikatika kabla ya kuonja. Tukakaa na Leidy kwenye ngazi za ghala kungoja urudi. Alikuwa na mfuko wa biskuti za achira za mama yake, akanipa nusu. Nikala nimekaa. Nimejaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nimekula nimekaa, nimeshindwa.

Nilidhani ananinyemelea kiti. Akaniuliza kwa sauti ndogo Jumanne nafanyaje ikiwa niko kwenye siku zangu. Nikamwambia sijaelewa. Akasema yeye anameza vidonge mfululizo ili zisije, kwa sababu zikija Jumanne atapumzishwa, na akipumzishwa hatajifunza. Vidonge vinamuumiza kichwa, na jioni analia bila sababu. "Wewe tia Vaselini kwenye midomo, uso usiwe mweupe," nikamwambia. "Halafu ukiulizwa, mwambie ni usingizi." Tulicheka kidogo. Yeye alicheka, mimi nilitoa sauti.

Umeme haukurudi. Usingizi wa jana: saa sita, kwa kuwa mvua iliwazuia wachumaji na sikuamka mapema. Moyo: sita.

5 Novemba
Tano.

6 Novemba
Tano.

11 Novemba
Jumanne. Alama zangu zote ziliangukia kati ya themanini na moja na themanini na tatu. Nimeanza kuzichanganya makusudi ili zisifanane. Mwizi naye huwa na bidii.

16 Novemba
Wameanza kuchuma shamba la juu. Kahawa ya juu ndiyo Arcesio anayoitegemea kwa zile tano za Desemba. Miaka kumi na minne tunaipeleka, mara mbili tumekaribia. Anaitembelea miti ile asubuhi na jioni, anaigusa. Mimi hanigusi, lakini haki itendeke, nami nimeacha kumgusa.

Kahawa ikishamenywa hukaa tangini ichachuke mpaka utelezi uachie, kisha huoshwa. Kujua ni lini, hiyo kazi ni yangu tangu niolewe. Unachomeka fimbo, unaichomoa: shimo likibaki wazi, osha. Likijifunga, ngoja. Wenye haraka na wenye usingizi hukosea. Hapa nyumbani wanasema ni mkono wa Nubia.

19 Novemba
Usingizi: saa mbili. Damu: nyingi sana, ndani ya wiki tano ni mara ya tatu. Moyo: sijui.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Kahawa ya shamba la juu ilimenywa jana mchana, tangi zima. Leo alfajiri nilipaswa kuchomeka fimbo. Niliamka saa tisa kwa sababu ya joto na damu, nikabadilisha shuka, nikawasha moto. Mama mkwe aliteleza akitoka chooni, hakuvunjika, lakini ilibidi nimwinue na kumwogesha. Wachumaji walikula. Nikaosha vyombo. Nikapita mbele ya tangi nikiwa na ndoo, nikaliona, na nikaona fimbo imeegemea ukuta pale pale.

Nikawaza: baadaye.

Sikusahau. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Nilisimama pale nikijua kabisa ni kahawa gani na ni saa ngapi, na ujuzi huo haukunisukuma mguu. Kama kumwangalia mtoto wa jirani akipita barabarani. Nikaenda kumenya ndizi za kupika.

Arcesio alikuwa juu shambani na wachumaji mpaka giza. Akaniuliza tangi vipi. Nikasema liko sawa.

20 Novemba
Nimeosha leo saa sita mchana, karibu siku mbili kamili. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikaosha maji mara tano badala ya mara tatu, nikaianika chini ya paa la plastiki. Ikikauka harufu inajificha. Mikono yangu inanuka siki na sioni aibu. Nimeingoja siku nzima, kama unavyongoja mgeni aliyesema anakuja.

21 Novemba
Tano.

22 Novemba
Tano.

25 Novemba
Jumanne. Don Eustorgio aliniangalia nikiandika. Nne.

27 Novemba
Arcesio amepeleka magunia ya shamba la juu kule chamani. Alivaa shati jeupe. Kahawa imekauka vizuri, rangi nzuri, ukiinusa kavu huna la kusema. Nilimsaidia kufunga kamba.

4 Desemba
Usingizi: saa tano. Damu: hakuna. Moyo: nne.

Nimempelekea Marleny daftari. Alilisoma lote mbele yangu, akipitisha kidole kama anayetafuta jina kwenye orodha. Nilitazama kalenda ya ukutani. Nilijua atasemaje, kila mtu ameshasema: umri.

Akasema homoni zipo, hilo halina ubishi, damu inayokuja mara tatu ndani ya wiki tano si jambo la kunyamazia. Ameniandikia barua ya kwenda kwa daktari mjini, nipimwe damu isije ikawa imepungua, na tuone kama kuna dawa inayonifaa. Halafu akarudi kwenye kurasa. Akanionyesha tarehe nne Novemba.

"Hii sita imetoka wapi?"

Nikamwambia umeme ulikatika.

"Ulilala saa sita, ukala umekaa, ukaongea na mtu. Homoni zako siku hiyo zilikuwa zilezile, mama. Mimi nazilaumu kwa sehemu yake. Lakini si homoni zinazoamka saa kumi kupikia watu kumi na mmoja."

Akageuza ukurasa, akafika tarehe kumi na tisa. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama nimemwambia mume wangu habari ya tangi. Nikasema bado. Hakunihubiria, alisema tu mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba namba yenyewe haimsaidii kitu, nianze kuandika na sababu.

7 Desemba
Siku ya mishumaa. Wachumaji wameondoka jana. Giza lilipoingia tuliwasha mishumaa ishirini barazani kwa ajili ya Bikira, kama nyumba zote za mlimani. Arcesio alikwenda kumsalimia jirani. Nikabaki na mama mkwe, mimi nikikinga mishumaa na upepo, yeye akinielekeza nilipokosea.

Ghafla akasema, bila kunitazama, "Mimi nilinyamaza mwaka mzima."

Nikauliza mwaka gani.

"Ule damu iliponiacha. Nilipika, nilifua, sikusema neno. Si kwamba nilikasirika. Sikuwa nalo. Marehemu akawatangazia watu kwamba mke wake amekuwa mcha Mungu. Hata padri alinipongeza."

Nikamuuliza iliishaje. Akasema siku moja ng'ombe alimkanyaga mguu, akamtukana tusi ambalo hakujua kama analijua, na baada ya hapo maneno mengine yakafuata. Kisha akaniambia mshumaa wa tatu umezimika na mimi nimeduwaa tu.

Miaka ishirini na minne nimeishi na mwanamke huyu nikidhani ana ulimi mkali tu. Moyo: tano. Sababu: sijui, lakini nilitaka aendelee kuongea.

9 Desemba
Nitaandika yote hata kama mkono utachoka.

Damu iliingia jana, sikukuu. Leo siku ya pili. Jumanne, meza ya mwisho. Vikombe kumi, kahawa kumi zilizobaki kati ya mia na zaidi. Nilijua moja inaweza kuwa yetu. Nilikuwa nimelala saa saba, usiku wa tatu mfululizo, kwa sababu hakuna wa kupikiwa.

Mzunguko wa kwanza kahawa ni ya moto. Kikombe cha nne kilinukia matunda, kama mvinyo. Don Eustorgio alifumba macho, na akifumba macho anakaribia tisini. Leidy aliandika haraka. Mimi niliacha mraba wa nne wa karatasi wazi, sijui kwa nini, mkono tu haukuandika.

Makosa ya tangini hujificha kwenye joto. Nilizunguka tena zilipokuwa vuguvugu, nikazunguka tena zilipopoa. Kikombe cha nne kilipopoa nilikivuta, na kikanipiga nyuma ya pua: siki, na chini ya siki, kitunguu kilichooza. Ni harufu ileile iliyonipokea mlangoni tarehe ishirini Novemba. Nilijua ni ya nani kabla sijatema.

Nilisimama na kijiko mkononi. Don Eustorgio alikuwa akisoma alama zake: cha nne, themanini na saba. Ningeandika themanini na sita, kahawa yetu ingeingia kwenye tano bora, na kijiko changu kingebaki. Arcesio angevaa shati jeupe. Kila kitu kilikuwa upande huo, na mimi mwenyewe ni bingwa wa kuandika namba zisizo na kitu.

"Doña Nubia, cha nne?"

"Sabini na nne," nikasema.

Alishusha miwani. Tofauti ya kumi na tatu. Akaniangalia usoni muda mrefu, halafu akauliza lile ambalo hajawahi kuniuliza kwa miaka kumi na minane. "Mama, uko kwenye siku zako?"

"Siku ya pili, don Eustorgio. Na hii kahawa imechacha tangini. Ionje ikiwa imepoa."

Leidy ndiye aliyechukua kijiko kwanza. Alivuta, akatema, akakunja uso. Akasema, "Siki," kisha, kwa sauti ya chini zaidi lakini mimi niliisikia na mzee aliisikia, "Na kitunguu."

Don Eustorgio akaonja mara tatu. Mara ya tatu hakutema haraka, aliiweka mdomoni kama anayesubiri imwombe radhi. Akakata themanini na saba yake kwa mstari mmoja. Alipofungua droo na kusoma majina, alipofika cha nne alisita, akanitazama, akasoma jina la Arcesio kwa sauti ya kawaida.

Wakati nasuuza kijiko alikuja pembeni ya sinki. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Alisema meza ya mavuno madogo itaanza Aprili, saa mbili asubuhi, na nisichelewe.

Arcesio nilimkuta chini ya paa la plastiki akigeuza kahawa ya mwisho kwa reki. Nikamwambia kahawa yetu haimo kwenye tano bora. Akauliza ilipata ngapi. Nikamwambia, na nikamwambia aliyeipa ni mimi.

"Ulijua ni yetu?"

"Nilijua."

Akaendelea kuvuta reki, mstari baada ya mstari. Nikamweleza tangi, fimbo, ndoo, ndizi. Yote. Reki ikasimama.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Kwa sababu sikuhisi kitu, Arcesio. Nilikuwa nangoja nione aibu ndipo nije kwako. Haikuja."

"Na sasa?"

Nilitaka kumjibu. Midomo ilifunguka, kikatoka kitu kingine. Nililia nimesimama, kwa sauti, makamasi na yote, mpaka mama mkwe akaita kutoka ndani kuuliza nani amekufa. Arcesio hakunikumbatia. Alishika reki kwa mikono miwili akaangalia kahawa yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na ndugu. Nami niliuona uso huo. Miezi sijauona uso wake. Uliniuma hapa, chini ya titi la kushoto, nikaweka mkono hapo.

10 Desemba
Usingizi: saa sita. Damu: siku ya tatu. Moyo: tatu.

Sababu. Arcesio hajanisemesha tangu jana, ila asubuhi aliamka kabla yangu akawasha moto na kukaanga mayai, hayana chumvi na chini yameungua. Aliweka sahani yangu mezani, akavuta kiti, akatoka. Nimekaa nikala. Nina hasira naye kwa hayo mayai na kwa kutoniuliza lolote tangu Oktoba isipokuwa tangi. Ninaona aibu kwa ajili ya kahawa ya shamba la juu, na aibu hiyo haipungui nikiigeuza. Namhurumia kwa lile shati jeupe. Namwogopa daktari wa mjini.

Ni tatu. Mwezi mmoja uliopita ningeandika tano bila kuonja.